Mtu wa Kutumwa

Kabla ya kuitwa makumbusho, chumba kile kilikuwa stoo ya mahindi ya msaada, na harufu ya dawa ya kuua fukusi haikuwahi kutoka ukutani. Nilipewa mkataba wa miezi sita. Kazi yangu ilikuwa kuandika kadi: kitu ni nini, kilitumika vipi, kimetoka wapi. Nilikuwa na digrii ya historia, kalamu ya wino mzito na rundo la manila niliyoikata mwenyewe kwa mkasi. Vitu vilikuwa vichache. Vibuyu vya maziwa, kengele ya ngamia ya mbao, kigoda cha Kiturkana ambacho mzee hukikalia mchana na kukilazia kichwa usiku, mkuki usio na mpini, na redio moja kubwa ambayo hakuna aliyejua kwa nini ililetwa.

Sikuiamini sana kazi ile. Mwaka wa pili chuoni tulipelekwa Pwani kutazama makumbusho. Kulikuwa na minyororo ukutani, na mwelekezi akatuambia tuishike ili tuhisi uzito wa utumwa. Wenzangu waliivaa shingoni wakapigana picha. Mimi nikauliza amejuaje kwamba mnyororo ule ulifunga mtu, si mashua wala ng'ombe.

"Dada," akasema, "wewe ni ndugu yake Tomaso?"

Darasa zima likacheka, na swali langu likafa hapo. Nilirudi na msimamo kwamba chuma hakisemi chochote, anayesema ni mwandishi wa kadi. Ulikuwa msimamo rahisi kuushika, kwa kuwa kadi zilikuwa za watu wengine.

Mkuu wetu alitoka upande wa pili wa Mlima Kenya. Alikuwa mtu mpole, mpenda kazi, aliyepiga pasi hata suruali ya jinzi. Alikuwa ametembelea makumbusho mengi na kugundua kwamba wageni wakiingia mahali huuliza habari za utumwa.

"Hapa hatuna kona ya utumwa," aliniambia.

"Hapa ni Isiolo," nikasema. "Soko la watumwa lilikuwa Pwani."

"Na watumwa walitoka wapi? Pwani? Si walitoka bara? Sasa bara ni wapi kama si hapa?"

Wiki iliyofuata alisikia kwamba kuna bibi mmoja Garbatulla mwenye chuma cha zamani, akanipandisha kwenye pikapu ya serikali iliyokuwa ikipeleka chanjo ya mbuzi. Mbele tulikaa watatu: dereva, daktari wa mifugo na mimi. Barabara ile haimruhusu mtu kusinzia, kwa hiyo tuliongea.

"Wewe ni mtu ya historia," dereva akasema. "Unajua Garba ni nini? Ni mtumwa. Kuna mtumwa alichimba kisima hapo, ndio mji ukaitwa hivyo."

"Wacha uongo," daktari akasema. "Garba ni maji mengi. Kama bahari."

"Bahari! Umeona bahari wapi Garbatulla?"

"Na wewe umeona mtumwa wapi?"

Niliandika maelezo yote mawili kwenye daftari na sikuamini hata moja.

Bibi alikuwa ameketi kivulini mwa nyumba yake ya mabati, akitenga maharagwe mabovu. Nilimpa salaam aleikum, akaitikia, kisha akaniuliza kwa Kiborana swali ambalo huku huulizwa kabla ya jina: *gosa* yangu ni ipi, yaani ukoo. Nikamtajia wa baba.

"Na mama?"

"Mama ni Mmeru, akko." Akko ni nyanya, na ni mojawapo ya maneno machache ya Kiborana ninayoyatamka bila kuchekwa.

"Haya, basi tuongee Kiswahili. Kiborana yako inachechemea."

Alikitoa chuma chini ya kitanda. Kilikuwa kama pete kubwa iliyoachwa wazi upande mmoja, nene kama kidole gumba, na ncha zake mbili zimekunjwa kuwa vitanzi, kana kwamba kuna kipande kingine kilichopita katikati na kupotea. Kwa nje kilikuwa na kutu. Kwa ndani kilikuwa laini. Niliwasha simu nirekodi.

"Hii tulikuwa tunafungia ndama," akasema. "Lakini ilikuwa ya mama ya nyanya yangu."

"Alikuwa nani?"

"Alikuwa mtu ya kutumwa."

"Alikivaa?"

Alinyoosha mguu, akakipachika juu ya kifundo, akakitazama. "Mguu yake ilikuwa ndogo kuliko yangu," akasema. Kisha akakitoa na kunikabidhi kwa mikono miwili kama sahani ya chakula. "Chukua. Nyumba yangu imechoka nayo."

Akaweka dole gumba kwenye fomu. Jioni nilikuwa Isiolo, na kesho yake asubuhi niliandika kadi bila kuisikiliza tena rekodi, kwa kuwa nilikumbuka vizuri:

*PINGU YA MTUMWA. Ilivaliwa mguuni na mtumwa mwanamke. Imetolewa na kitukuu chake, Garbatulla.*

Mkuu aliisoma akiwa amesimama, akaisoma tena. Aliipiga picha na kuiweka kwenye status ya simu yake, ambako iliangaliwa na watu wa mji mzima, maana huyu alikuwa na namba za mji mzima.

Siku nne baadaye aliingia mwanamke wa rika langu, amevaa sare ya muuguzi na viatu vya kazini, mtandio umefungwa kwa haraka. Hakutazama kitu kingine. Alikwenda moja kwa moja hadi kwenye chuma, akainama kwenye kadi.

"Ni wewe umeandika hii?"

"Ni mimi."

"Huyo kitukuu ni nyanya yangu. Sasa mimi ni nani?"

Nilitaka kumwambia kilembwekeza, ndilo neno lake hasa, lakini nikajizuia.

Akaniambia. Alikuwa anaolewa baada ya wiki tatu. Familia ya mwanamume ilikuwa ya Merti, wafanyabiashara wa mifugo, watu wa kuheshimika. Posa ilikuwa imekwisha kukubaliwa, tarehe imewekwa. Kisha wazee wa mwanamume wakaiona picha ile, wakaambiwa chuma kimetoka nyumba gani. Walikuwa wamepiga simu kwa baba yake na kuuliza swali moja tu: gosa yenu ni ya kuzaliwa au ni ya kupewa?

Kwa msomaji asiye wa huku, swali hilo lina meno. Zamani mgeni aliyeletwa katika ukoo, kwa njia yoyote aliyoletwa, alipewa gosa, akawa mtu. Baada ya vizazi viwili vitatu hakuna anayelisema. Lakini kutosema si kusahau, na wakati wa ndoa wapo wanaokumbuka.

"Baba hajajibu," akasema. "Anasema network ni mbaya. Hawezi kusema network ni mbaya kwa wiki tatu. Akko alikuambia mtumwa kwa mdomo yake?"

"Ndiyo."

"Nisikie."

Nilifungua rekodi nikiwa na uhakika wote. Sauti ya bibi ikatoka, na kuku nyuma yake: *alikuwa mtu ya kutumwa.*

Nikarudisha. *Mtu ya kutumwa.*

Isiolo kila mtoto ni mtu wa kutumwa. Unatumwa sukari, unatumwa salio la simu, unatumwa kwa jirani kuuliza kama gesi imebaki. Shangazi akimsifu msichana husema, huyu anatumwa vizuri. Neno la bibi lilikuwa kitenzi cha kila siku, na mimi nikalivalisha m- na kulitundika ukutani. Mimi niliyembana mwelekezi wa Pwani mbele ya darasa sikuwa nimeuliza hata swali moja la ziada, kwa sababu nilikuwa nimetumwa kutafuta mtumwa, na nikampata.

"Ona!" muuguzi akasema. Uso wake ulikuwa umebadilika. "Umekosea. Toa hiyo karatasi."

"Nitaitoa. Lakini tumuulize kwanza alimaanisha nini."

"Kwa nini umuulize? Si umesikia?"

"Hata mara ya kwanza nilisikia."

Hakutaka. Nilimwona hataki, na bado nikasisitiza, na sitajifanya kwamba nilifanya hivyo kwa ajili yake. Nilitaka kujua. Mwishowe akapiga, akaweka spika, akaongea Kiswahili ili nami nifuate.

"Akko, wewe ulisema kutumwa. Huyu msichana ya makumbusho ameandika mtumwa."

"Eeh."

"Si amekosea?"

"Amekosea wapi?"

"Akko! Kutumwa ni kwenda duka. Mtumwa ni... ni garba."

Upande wa pili tulisikia mbuzi, kisha kitu cha bati kikiwekwa chini.

"Yeye alitumwa maji, akatumwa kuni, akatumwa kuchunga," bibi akasema. "Yeye mwenyewe hajatuma mtu hata siku moja. Hiyo kwa Kiswahili mnaita nini? Nyinyi ndio mmesoma."

Muuguzi akaisogeza simu karibu na mdomo.

"Akko, na harusi yangu?"

"Harusi ni yako. Chuma ni yangu."

Simu ikakatika, au aliikata. Muuguzi akaketi kwenye kigoda cha Kiturkana, juu yake kadi yangu ikisema tafadhali usiguse. Sikumkataza.

"Kuna kitu unaweza kuandika," akasema. "Andika ilikuwa ya kufungia ndama. Hiyo si uongo. Amesema mwenyewe."

Haikuwa uongo. Kadi nyingi duniani, nadhani, huandikwa hivyo hasa: unachagua ukweli mmoja, mwingine unauacha chini ya kitanda. Nikamwambia aamue yeye, nami nitaandika atakalosema.

"Usinitupie," akasema. "Wewe ndio ulianza."

Alikuwa na haki. Nikakata manila mpya, nikaandika polepole, nikirudia rekodi na yale tuliyoyasikia kwenye simu: *Chuma cha mguu. Aliyekitoa anasema hivi kuhusu mama wa nyanya yake: "Alikuwa mtu ya kutumwa. Alitumwa maji, akatumwa kuni, akatumwa kuchunga. Yeye mwenyewe hajatuma mtu hata siku moja." Baadaye kilitumika kufungia ndama.* Garbatulla nikaitoa. Kitukuu nikakitoa.

Akaisoma. "Hii ni mbaya kuliko ile," akasema. "Lakini ni yake." Akatoka kwenda zamu.

Mkuu aliiona kadi mpya kabla ya chakula cha mchana. "Sasa neno lenyewe liko wapi?" akauliza. "Tukitoa hilo neno tunabaki na chuma tu."

"Hatujui kama neno ni letu kuliweka."

"Na hii *mtu ya kutumwa*. Ni *wa*. Mtu *wa*. Wageni watasema hatujasoma."

"Ndivyo alivyosema."

Alisimama na kalamu yake mkononi, akaitazama ile *ya*, nami nikamwona akiumia kweli. Kisha akairudisha kalamu mfukoni. Nadhani aliniachia kwa huruma. Picha ya kwanza aliifuta kwenye simu yake, ingawa kila aliyepaswa kuiona alikuwa ameiona.

Muuguzi alimweleza mchumba wake kila kitu mwenyewe, kabla baba hajaishiwa na network. Alinisimulia baadaye kwamba mwanamume alisikiliza hadi mwisho, akasema yeye hana neno, ila wazee lazima waone hicho kitu kwa macho yao. Muuguzi akajibu waje, na yeye mwenyewe atakuwepo.

Walikuja wawili Jumanne asubuhi, baada ya mnada wa mifugo: ami mkubwa wa mchumba, mrefu, ndevu zimepakwa hina, na ami mdogo mwenye simu mbili na vumbi la mbuzi kwenye viatu. Muuguzi alisimama karibu na dirisha, mikono nyuma. Mimi nilisimama karibu na meza. Mkuu alisimama mlangoni akiwa tayari kutoa maelezo ambayo hakuna aliyeyaomba.

Ami mkubwa alisoma kadi kwa sauti, neno kwa neno, kama asomaye barua ya serikali. Alipofika kwenye ndama alisimama. Kisha akanyanyua chuma kabla sijasema lolote, akakigeuza, akapima uzito wake mkononi, na uso wake wote ukalegea. Alicheka.

"Hii?" akasema. "Hii ndio imeletea watu shida? Aa, kwetu Merti ziko mbili kama hizi. Nzito kuliko hii, tena na vipande vyake vyote. Zilikuwa za babu. Tunafungia mlango ya boma."

"Mbili?" mkuu akasema pale mlangoni, kwa furaha.

Ami mdogo alikuwa ameacha kutazama simu. Alimtazama nduguye. Huyo bado alikuwa akitabasamu, na tabasamu likakaa usoni muda mrefu kidogo kuliko ilivyopasa.

"Mzee," muuguzi akasema, "hizo za kwenu alivaa nani?"

"Nani avae? Kwetu hakuna mtu aliwahi kuva..."

Hakuimaliza. Aliweka chuma mezani taratibu, akakisogeza hadi pale kilipokuwa.

"Basi nyinyi ndio mlikuwa mnatuma," muuguzi akasema.

Hakulisema kama swali, wala hakupandisha sauti. Nje mtu alikuwa akijaribu kuwasha pikipiki iliyokataa. Ami mdogo akacheka pumzi moja fupi puani. "Huyu ametushika," akamwambia nduguye kwa Kiborana. Hata mimi nilielewa.

"Binti," ami mkubwa akasema, "hayo ni mambo ya zamani."

"Wiki jana hayakuwa ya zamani. Mlimpigia baba simu mkauliza gosa."

Mzee alirekebisha kofia yake. Alimtazama mkuu, akanitazama mimi, kana kwamba mmoja wetu alikuwa na kadi ya jambo hilo. Kisha akasema wanaenda kuswali, na ingawa adhana ilikuwa bado, wakatoka.

Alipobaki, nilimwambia muuguzi lile ambalo mtu wa taaluma yangu angepaswa kusema. Kwamba pingu mbili kwenye boma hazithibitishi chochote. Kwamba huenda zilinunuliwa kwa mhunzi, au ziliachwa na msafara uliopita, au babu yao alizipata kwa kubadilishana na ngozi, na hata hiyo ya akko hakuna ajuaye nani aliifunga.

"Wewe bado unauliza tu?"

"Ndiyo kazi yangu."

"Mimi siulizi chuma," akasema. "Nauliza watu. Chuma wewe ubaki nayo."

Jioni hiyo tarehe ya harusi iliondolewa. Mji ukasema watu wa Merti wamemkataa msichana. Nilisikia hivyo kwa mama anayeniuzia maziwa ya ngamia, na kwa kinyozi wa kaka yangu, kila mmoja na sababu zake. Lakini aliyeahirisha alikuwa muuguzi. Alimwambia mchumba wake kwamba hawezi kuingia katika boma ambalo hajauona mlango wake. Akaomba siku mbili za ruhusa kazini, akapanda na mama yake kwenye lori la unga hadi Merti, mgeni asiyealikwa, jambo ambalo bibi harusi hafanyi.

Aliniletea habari aliporudi, ingawa sikuwa nimeziomba. Pingu zilikuwepo. Zilining'inia kwenye mwimo wa mlango, zimeunganishwa kwa kipande cha chuma kilichopita vitanzini, na kila jioni, mbuzi wakishaingia, mtu huzifunga. Ami mkubwa alisema anaweza kuziondoa kama zinamkera. Akamwambia asiziondoe. Alitaka jambo moja tu: wale wazee wawili waende Garbatulla, wakaliondoe lile swali la gosa mbele ya akko, kwa mdomo, na waseme pingu za kwao ziko mlango gani.

"Wakikataa?"

"Wakikataa mimi ni nesi," akasema. "Niko na kazi."

Walichukua karibu mwezi mzima. Wakati huo mkuu alimwandikia ami mkubwa barua yenye muhuri, akiomba zile pingu mbili kwa ajili ya kona yake. Jibu lilikuja kwa simu: haziwezi kutolewa, bado zina kazi. Mkataba wangu ukaisha wiki hiyo hiyo. Nilikabidhi funguo, kalamu na manila iliyobaki, nikaanza kutafuta kazi Nairobi, kwa hiyo yaliyofuata sikuyaona, niliambiwa tu.

Wazee walikwenda Garbatulla. Ami mdogo ndiye aliyeongea zaidi. Mkubwa alisema sentensi mbili, ya kwanza kuhusu swali na ya pili kuhusu mlango, akiwa ametazama mkeka. Mmoja wa binamu zao alikataa kabisa kwenda na hata harusini hakufika. Nikaha ilifungwa Ijumaa.

Nilimuuliza muuguzi kwenye simu akko alijibu nini wazee walipomaliza kusema. Nilitarajia jambo la kuandika.

"Hakujibu," akasema. "Aliwauliza kama wamekula."